Jeneza la Bwana wa Ngome

Watu wa filamu walipofika Puivalens, masika ya mwaka 1923, Honorine Cazals alikuwa na miaka hamsini na saba, na ilikuwa miaka kumi na sita tangu aonekane akicheka hadharani. Hakuwa mtu wa kununa, asisingiziwe. Alisalimia na kuitikia salamu, alifua na kushona nguo za nusu ya mji, na koti lililochanika kwapa ukimpelekea asubuhi, jioni unalivaa. Alizaliwa kwenye kinu cha chini, akaolewa na Barthélemy Cazals mkulima wa mizabibu, akamzalia binti mmoja ambaye siku hizi yuko Toulouse na mume mfanyakazi wa reli. Angeishia hapo maisha yake, kama ya wanawake wengi wa kwetu, lau si mwaka ule wa divai.

Mwaka 1907 divai ilikosa bei mpaka watu wakaimwaga mitaroni, na mitaro ya Puivalens ikanuka kama kinywa cha mlevi kwa wiki tatu. Asubuhi moja ya Juni Barthélemy alipasua kuni, akazipanga vizuri ukutani, akaingia ghala la mapipa, akajinyonga.

Padri Roumens alikuwa mgeni bado mjini, kijana mwenye mikono laini. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Mama, sheria ya Kanisa unaijua," alisema. "Lakini mtu aliyerukwa na akili hana hatia. Wewe sema tu kwamba alikuwa na wazimu. Neno hilo moja, mbele ya mashahidi wawili, nami nitamzika kwa kengele na misa kama Mkristo yeyote."

"Barthélemy hakuwa na wazimu, Padri. Kuni hizo hapo nje, kazitazame zilivyopangwa. Alichoka."

"Mama, nakusaidia. Sema hivyo hivyo."

"Nikimwita kichaa nitakuwa nimemzika mara mbili."

Hivyo kengele haikulia. Kwetu mwanamume hupigiwa mapigo tisa na mwanamke saba, na asiyepigiwa ni kama hakufa, ametoweka tu kama mbuzi aliyekata kamba. Sernin seremala, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alitengeneza jeneza bila kuulizwa na kulipakia kwenye mkokoteni wake. Yeye na Honorine tu ndio waliompeleka Barthélemy kwenye kona ya makaburi, kule ukutani, ambako udongo ni mwekundu na hakuna aliyependa kuzikwa.

Na hata hayo Honorine angeyameza. Kilichomkaa kooni ni kofia. Puivalens jeneza likipita, hata liwe la mtu uliyegombana naye mpaka wa shamba miaka thelathini, mwanamume anavua kofia. Hafikirii, anavua. Siku ile, nje ya mkahawa wa Firmin Maraval, wanaume wanne walikuwa wanacheza karata. Mkokoteni ulipita hatua tano kutoka mezani pao. Waliutazama, halafu wakatazama karata zao, na kofia zikabaki vichwani. Firmin, mwenye mkahawa, alitupa karata yake na kuchukua nyingine.

Tangu siku hiyo Honorine hakupita tena upande ule wa uwanja. Alizunguka kwa uchochoro wa mazizi na kapu lake la nguo, mvua na jua. Na kila alipopiga pasi aliwaza jambo lile lile. Neno moja lingempa mumewe kengele, na kengele ingevua kofia zote zile. Alilinyima yeye kwa ulimi wake mwenyewe. Alijua alisema kweli, na kweli hiyo ikamtafuna zaidi ya uongo wowote.

Ndipo wakaja watu wa Paris. Walikuwa wanataka kuta zetu za kale kwa picha kubwa ya vita vya zamani, ya bwana wa ngome aliyezingirwa miezi saba na kuuawa kwa hila. Mwongozaji, Bwana Vernois, mtu mwembamba aliyevaa buti za kupandia farasi ingawa hakuna aliyemwona akipanda hata punda, aliandika majina ya wanaume mia mbili kwa siku mbili. Arobaini kati yao wakawa askari wa jeshi la adui, na Firmin Maraval, kwa ajili ya tumbo lake na masharubu yake, akawa mkuu wao. Deraya zao zilifumwa kwa kamba na kupakwa rangi ya fedha. Kofia zao za chuma zilikuwa za karatasi na gundi. Mji ulikosa haya kabisa wiki hizo. Mtu alikwenda kununua mkate na upanga kiunoni.

"Mtazame huyu," mke wa mwokaji alimwambia mumewe mbele ya wateja. "Kuku namchinja mimi, yeye leo kateka ngome."

Honorine alipewa hema la nguo, sindano na mapipa mawili ya rangi. Alishona kutwa, akasikiliza, akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani aliyekuwa na nafasi ya kukisikiliza kimya cha fundi nguo?

Jumatatu ya wiki ya tatu walifanya mazoezi ya mazishi. Bwana wa ngome amekufa, na jeneza lake linatolewa mjini na kupitishwa katikati ya askari waliomuua, wamejipanga pande mbili za barabara. Wanasimama na kofia vichwani, macho makavu. Hiyo ndiyo dharau yao ya mwisho kwake. Nyuma ya jeneza anatembea mjane, peke yake. Bwana Vernois aliwaeleza haya mara mbili kwa pembe yake ya bati ya kupazia sauti, na Honorine, akiwa amepiga magoti akikunja pindo la gauni jeusi la mwigizaji aliyekuwa mjane, alisikia mara zote mbili.

Wabebaji wanne, Sernin mmoja wao, walinyanyua jeneza alilolitengeneza yeye na kuondoka nalo mbio mbio.

"Mmebeba bwana wa ngome au mmebeba mikate?" Vernois aliuliza kwenye pembe.

"Bwana, ni tupu," Sernin akajibu. "Mtu hawezi kuinamishwa na hewa."

"Basi litiwe uzito. Mchanga. Mama wa nguo ashone mifuko minne, aijaze mtoni, na kesho nataka kuona mabega yakishuka."

Honorine alishona mifuko minne ya turubai, mishono miwili miwili. Saa sita mchana, mji mzima ulipoingia ndani kula supu ya maharage na hakuna hata mbwa aliyebaki barabarani, alichukua toroli na koleo la Sernin. Mto uko chini, mkono wa kushoto wa lango. Yeye alikata kulia akapanda mlima.

Alichimba taratibu, juu juu, kwa adabu. Hakulia. Alizungumza kidogo, kama mtu anayemwamsha mwenzake mapema kwa safari. Aliteremka mifuko imejaa, na kwenye kona ya karakana akakutana na Sernin anajifuta mdomo.

"Shemeji, mto umehamia makaburini tangu lini?"

Honorine aliweka toroli chini. Sernin alitazama mfuko wa juu, ambao haukufungwa vizuri. Mchanga wa mto wetu ni mweupe. Aliutazama ule udongo mwekundu, kisha akautazama uso wa Honorine, na mzaha ukamtoka.

"Umelisukuma toroli peke yako mpaka huku?"

"Nilipopanda lilikuwa tupu."

"Wakijua je, shemeji?"

"Nani atafungua jeneza la kuigiza?"

Sernin alishika mikono ya toroli. Wakaingia karakana, wakailaza mifuko minne kwa mstari, ya kifuani na ya miguuni, na yeye mwenyewe akapiga misumari kwenye kifuniko. Alipiga kumi na sita badala ya sita.

Jumanne asubuhi kulikuwa na jua safi. Padri Roumens, ambaye sasa ana mvi na paa la kanisa linalovuja, alikuwa amekubali kuazimisha kengele kwa ajili ya paa hilo. Filamu zile hazikuwa na sauti, kila mtu anajua, lakini Bwana Vernois alishikilia kwamba kengele ilie kweli, maana uso wa mtu anayesikia kengele hauigizwi. Mpiga kengele alikuwa amekwenda kuwa askari. Basi padri alipanda mnarani kuivuta kamba mwenyewe, mapigo tisa ya mwanamume, kama alivyoombwa.

Mpini wa kamera ukaanza kuzungushwa. Kengele ikapiga. Jeneza likatoka langoni, na safari hii mabega yalishuka. Na wale wauaji arobaini, majeshi katili yaliyochoma vijiji, wakavua kofia wote kwa pamoja.

"Simameni," Vernois alisema. "Kofia. Nilisema nini kuhusu kofia?"

Firmin alisogea mbele, kofia yake ya karatasi kifuani. "Tuwie radhi, bwana. Ni mkono tu. Kengele ikilia na jeneza likipita, mkono unakwenda wenyewe."

"Humo mna mchanga."

"Sisi tunajua. Mkono haujui."

Wakarudia. Mara ya pili walivua nusu. Mara ya tatu kumi na wawili, na mzee mmoja akapiga ishara ya msalaba na upanga mkononi, karibu amkate jirani yake sikio. Mpiga picha alitukana kwa Kiparisi. Watu walicheka, hata Vernois alitaka kucheka kabla hajakumbuka gharama.

Honorine alikuwa amesimama ukutani na kikapu chake cha nyuzi. Alikuwa anaziona kofia. Arobaini, halafu ishirini, halafu kumi na mbili, na kila moja ilishuka mbele ya Barthélemy. Furaha ilimpanda mpaka akaona haya, akainamisha uso asije mtu akamwona. Alisema moyoni: tazama, mzee wangu, tazama hao.

Bwana Vernois akamwita.

"Mama wa nguo. Chukua utepe mweusi. Zishonee kofia zote kamba ya kidevuni, zishonwe zikiwa vichwani, fundo lisifunguke. Nataka zisivulike hata wakitaka."

Alisimama pale na kikapu chake. Angeweza kusema mkono unamuuma. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na wanaume wale walikuwa wamekwisha kujipanga wakimngoja, videvu juu kama watoto wanaonyolewa. Akatia uzi kwenye sindano. Akaanza na wa kwanza, akaenda wa pili, na kila fundo alilofunga lilimkaza yeye. Mkono wake mwenyewe, ule ule. Mara ya kwanza alizishika kofia vichwani kwa kunyima neno, na sasa anazishona kwa uzi.

Wa mwisho alikuwa Firmin Maraval. Miaka kumi na sita hawajawahi kusimama karibu hivyo. Alinuka pombe ya anisi na jasho.

"Usinichome, Mama Cazals," Firmin alisema, akijaribu kutabasamu.

"Ukitulia hutachomwa."

Alishona upande mmoja. Alipitisha utepe chini ya kidevu. Firmin alikuwa akitazama juu, mawinguni, kama mtu anayeogopa kukutanisha macho, na ile namna ya kutazama pembeni ndiyo iliyomfungua mdomo Honorine.

"Jenezani hamna mchanga," alisema polepole, sindano ikiendelea kwenda. "Niliambiwa nichote mtoni. Nilichota kwenye kaburi la Barthélemy. Mifuko yote minne."

Firmin akashusha macho kutoka mawinguni.

"Mara tatu mmemvulia," Honorine akasema. "Hamkujua, lakini nimeona, na nashukuru. Sasa nimekufunga vizuri." Akakata uzi kwa meno. "Simama na kofia yako, Firmin. Kwake umeshazoea."

Akaondoka, akarudi ukutani. Alikuwa amesema alichotaka kusema miaka yote, na hakikumpunguzia kitu. Aliona tu kwamba sasa jeneza litapita, na kofia arobaini zitabaki palepale, kama zamani, na mara hii kuna mashine inaziandika.

Kengele ikaanza. Moja. Mbili. Jeneza likatoka langoni. Askari wa kwanza, wakakamavu. Wa pili. Jeneza likapita katikati yao kwa ule uzito wake, na hakuna mkono ulioinuka, na Bwana Vernois akaishusha pembe yake, ameridhika. Lilipofika kwa Firmin kengele ilikuwa kwenye pigo la sita.

Firmin alishika kofia kwa mikono miwili akavuta. Fundo la Honorine halikufunguka, maana halikuwa fundo la kufunguka. Ilichanika karatasi. Kofia ilimtoka vipande viwili, utepe ukabaki shingoni na mchirizi wa damu, na mtu yule mnene akasimama kichwa wazi, upara wake unang'aa.

"Ni Cazals humu," alisema, si kwa kelele, lakini walimsikia mpaka langoni. "Ni Barthélemy Cazals. Mjane wake kamtia mwenyewe. Vueni."

Ukapita muda wa pigo moja la kengele. Kisha ikasikika sauti ambayo hakuna filamu ya wakati ule ingeweza kuishika, sauti ya karatasi ngumu ikichanika, kofia baada ya kofia, pande zote mbili za barabara. Mmoja aliyeshindwa kuchana aling'oa yake pamoja na nywele.

Vernois alipiga kelele kwamba kofia zile zilitoka Paris. Wabebaji walikuwa wamefika kwenye alama ya chokaa waliyoagizwa kusimama. Hawakusimama. Sernin, aliyekuwa mbebaji wa mbele kulia, aligeuza bega lake tu kuelekea mlimani, na wenzake watatu wakageuka naye. Askari wakafuata. Yule mwigizaji aliyekuwa mjane alijisogeza kando, akamwachia Honorine nafasi nyuma ya jeneza, na Honorine akaishika, na aproni yake yenye madoa ya rangi ya fedha.

Padri Roumens alikuwa amemaliza mapigo tisa. Alichungulia kutoka mnarani akaona mazishi hayakusimama kwenye alama kama ilivyopangwa, yanapanda makaburini. Akateremka ngazi haraka kuliko umri wake, na alipofika juu anahema, watu walikuwa wamejaa kwenye kona ya udongo mwekundu ambako yeye hakuwahi kukanyaga. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye, Padri."

"Nimempigia kengele mara nne."

"Nimehesabu."

Padri alitazama jeneza, akatazama wanaume wale wenye deraya za kamba, vichwa wazi, videvu vimechubuka. Kila mtu alikuwa anamngoja yeye. Alitoa kitabu chake mfukoni, akakifungua, akakifunga.

"Honorine," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Hata leo. Hawa wote ni mashahidi. Sema tu kwamba siku ile hakuwa na akili zake, nami nisome."

Ingekuwa rahisi. Miaka kumi na sita alikuwa amejilaumu kwa neno hilo, na sasa limerudishwa mbele yake kama sahani. Alitazama lile shimo dogo alilochimba jana kwa adabu.

"Alichoka, Padri," alisema. "Alipasua kuni, akachoka."

Padri aliinamisha kichwa. Hakuna aliyejua la kufanya, na Firmin alikuwa ameanza kulia waziwazi, pua na macho.

Basi Honorine akaanza mwenyewe. Hakujua kusoma, na Kilatini hakujua maana yake. Lakini miaka kumi na sita hakukosa mazishi hata moja ya Puivalens. Alisimama nyuma kabisa katika kila msiba, wa rafiki na wa adui, na watu wakadhani ni uchamungu. Kumbe alikuwa anajifunza. Alianza maneno ya raha ya milele, akayasema yote mpaka mwisho, bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono, na penye nafasi ya jina akaweka jina.

Wanaume wakaitikia Amina. Baada yao ikaja Amina nyingine, ya peke yake, iliyochelewa, na ilikuwa ya padri.